Mkono Ambao Gaspare Hakuubusu

Los Angeles, 14 Januari 1952

Mdogo wangu Ninfa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia jikoni, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, maana idara ya mavazi mwaka huu imeamua kutuua. Tunashona filamu ya Warumi. Mashuka, Ninfa! Watu wazima wanajifunga mashuka halafu wanaitwa nyota. Tumbo la binti yetu Agata limeshaonekana, na mama mkwe wake ameshaanza kumpangia alalie ubavu upi. Mwanao Saverio ameandika kutoka Korea? Kila jioni namtaja kwenye rozari, yeye na baridi ile anayolala nayo. Mpelekee soksi, usimpelekee biskuti. Biskuti wanakula wakubwa zake.

Haya, hayo ndiyo ya kuwasomea majirani. Sasa funga mlango.

Gaspare ana mwanamke.

Usicheke. Unamkumbuka Bwana Aldine, mtunzi wa filamu niliyekuandikia habari zake Novemba? Yule aliyeitwa mbele ya Kamati ya Bunge aulizwe kama ni mkomunisti na awataje wenzake, halafu kabla ya siku yake akakutwa amekufa ndani ya gari, gereji imefungwa, injini inanguruma. Magazeti yakasema amejiua kwa aibu. Gaspare alimwendesha mtu yule miaka mingi kwa magari ya studio, na alimlilia kweli, nami nikadhani ni msiba tu. Hali chakula, halali, anageukia ukutani. Lakini kila Jumatano anavaa shati safi, anasema anakwenda kucheza karata na madereva wenzake. Basi nikamdaka Pasquale, dereva mwenzake, pale getini.

"Mbona mnanichoshea mume kwa karata?"

Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi. "Karata gani, mama? Gaspare hajashika karata tangu Novemba."

Jumatano iliyofuata alipanda tramu, nami nikapanda behewa la nyuma, nimejifunika shali kama mtawa. Akashuka, akapanda kilima mpaka nyumba ya Aldine. Mjane alimfungulia kabla hajabisha. Kabla hajabisha, Ninfa! Mtu anayefunguliwa kabla ya kubisha si mgeni.

Namjua mwanamke yule, Vera. Aliwahi kuigiza, na nilimpima kiuno kwa mikono yangu. Futi karibu yote ilibaki inaning'inia. Sasa anavaa nyeusi, na nyeusi ile, Mungu anisamehe, inampendeza kuliko ilivyo halali kwa mfiwa.

Gaspare sijamwambia neno. Nikimwambia atakana, akikana nitamwamini, na mimi sitaki kumwamini.

Nimemwekea nadhiri Mtakatifu Yosefu ili anirudishie mume wangu. Nitaandaa meza yake tarehe kumi na tisa Machi kama mama alivyokuwa akiandaa: chakula cha kuomba mlango kwa mlango, na mlango wetu wazi kwa kila maskini. Unga nimeshaanza kuuomba. Bwana Hanratty amesema samaki wote atatoa yeye. Huyo ni mkuu wa walinzi wa studio, Mwairishi, ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani kwetu. Mtu mwema sana. Jumapili hunirudisha nyumbani kwa gari lake, akiulizia hali ya kila mtu.

Niombee. Wivu ni dhambi, najua, lakini nimeuungama mpaka Padre Cosimo ananitambua kwa kikohozi.

Dada yako,
Rosalia


New Orleans, 2 Februari 1952

Dada mpendwa,

Milele, amina. Huku mji unajiandaa kwa kanivali, tarumbeta zinapita mlangoni kwangu tangu asubuhi, na mimi mjane nimekaa ndani kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Saverio ameandika. Hajambo, ila dole gumba la mguu limeungua kwa baridi. Soksi nimempelekea. Biskuti pia nimempelekea, nisamehe. Mpe Agata salamu zangu, na mwambie alale anavyotaka.

Sasa hilo jambo lako. Dada, si kila anayeingia nyumbani kwa mjane anaingia chumbani kwake. Bwana wetu mwenyewe aliwatembelea wajane. Tena nikuambie ninachokijua kuhusu wanaume: mwenye hawara hunenepa. Asiyekula ana mzigo. Mpe shemeji supu, usimpe maswali. Na kile kidonda cha kiganjani akioshe kwa siki, maana kipande cha kioo kikibaki ndani kinaoza.

Acha kumfuata kwa tramu. Utaanguka.

Ninfa


Los Angeles, 12 Februari 1952

Ninfa,

Leo sina salamu. Au basi, Tumsifu Yesu Kristo, maana Yeye hana kosa.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nani alikuambia habari za kiganja? Mimi sikukuandikia. Gaspare alirudi nyumbani Novemba mkono umechanika, akasema ni kioo cha gari, nikamfunga kitambaa kwa mikono yangu, na sikukuandikia kwa sababu kwangu lilikuwa jambo dogo. Wewe ulijuaje kama ni kioo?

Nikamuuliza wakati wa chakula. "Gaspare, mnaongea na Ninfa?"

Kijiko kikasimama hewani. "Ninfa yupi?"

"Unao wangapi?"

"Nilimpigia simu Krismasi. Kumtakia heri."

"Krismasi tulishinda kwa Agata, na Agata hana simu."

"Basi ilikuwa kabla," akasema, akaanza kula mkate mkavu kwa haraka kama mtu anayeziba tundu.

Kwa hiyo si Vera peke yake.

Ngoja tuseme lile ambalo hatujawahi kulisema. Najua alipokuja kubisha kwa baba, alikuja kwa ajili yako. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, nikasikia kila kitu. Baba alicheka akamwambia, "Kijana, kwangu mdogo haolewi mkubwa akiwa ameketi. Ukitaka binti wa nyumba hii, wa kwanza ndiye huyu." Halafu Gaspare akanyamaza. Ukimya ule, Ninfa, ndio nilioolewa nao. Padre anaposoma habari za Lea na Raheli, mimi hutazama viatu vyangu. Yakobo angalau alidanganywa gizani. Wangu alinichukua mchana kweupe, kwa adabu.

Na amekuwa na adabu miaka yote hii. Hajawahi kunipigia kelele. Pasquale na mkewe hutupiana sahani, kisha unawasikia wanacheka. Mimi natamani sahani moja tu.

Kwa hiyo niambie mnachoongea. Mambo ya siki usiniletee.

Rosalia


New Orleans, 9 Machi 1952

Dada,

Nimechelewa kukujibu. Niliandika nikachana, nikaandika tena nikachana. Saverio hajambo. Mvua imeharibu paa la nyuma. Mimi mzima.

Ndiyo, Gaspare alinipigia simu, na si mara moja. Alichosema siwezi kukuambia, kwa sababu aliniapisha kwa kaburi la mama, na kwa sababu wewe, dada yangu, moyo wako unakaa mdomoni. Wote tunaokupenda tunalijua hilo. Lakini kwa kaburi hilohilo nakuapia: si mapenzi. Si ya yule mwanamke, wala si yangu.

Kuhusu siku ile ya baba, sitasema kitu.

Nakuomba jambo moja tu. Watakaoigiza watakatifu mezani kwako wawe maskini kweli, kama mama alivyofanya. Mkubwa yeyote wa studio usimkaribishe, hata akikupa bahari nzima ya samaki. Usiniulize kwa nini.

Ninfa


Los Angeles, 20 Machi 1952

Ninfa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya tarehe tisa imefika leo asubuhi, meza imeshavunjwa na vyombo vimeshaoshwa. Ungetumia ya ndege! Hata hivyo nakuandikia, maana nina aibu, na aibu ni heri niimwagie wewe kuliko jirani.

Meza yenyewe ilikuwa nzuri hata mama angelia. Mikate ya umbo la ngazi na misumari na ndevu za Mtakatifu, shamari, maharagwe, tambi zilizonyunyiziwa chenga za mkate kama unga wa msumeno wa seremala. Mtaa mzima ulikuja. Hata mafundi walioachishwa kazi juzi, waliotajwa kuwa wakomunisti, walikuja na watoto wao, na hakuna aliyewauliza kitu, maana siku ile mlango haumkatai mtu.

Wa kuwa Yosefu alikuwa mzee Nicolò kipofu, muuza mifagio. Kifua kikambana siku mbili kabla. Nikamweleza Bwana Hanratty kanisani, naye akasema, "Mama Rosalia, nitakuwa mimi Yosefu wako." Najua Yosefu huwa maskini. Lakini nilifikiri: Gaspare akimwona mkuu wake mlangoni na fimbo ya Mtakatifu mkononi, ataona haya, labda atakubali hata kushauriwa. Sikumwambia. Nilitaka ashtuke.

Alishtuka.

Watakatifu walibisha mlango wa kwanza kwa jirani, wakafukuzwa, wakabisha wa pili, wakafukuzwa, kama inavyopasa. Wa tatu ni wetu. Watu wote ndani wakapaza sauti: "Nani?"

"Yosefu, Maria na Mtoto!"

"Mnataka nini?"

"Chakula na pa kulala!"

Gaspare akafungua, uso wake ukawa kama unga uliokandwa. Unajua kinachofuata: baba wa nyumba hupiga goti, huosha mkono wa Mtakatifu na kuubusu, ndipo watu wale. Bwana Hanratty akanyoosha mkono, anatabasamu. Gaspare akabaki amesimama.

"Busu," nikamnong'oneza.

"Gaspare, samaki wanapoa!" Pasquale akapiga kelele, watu wakacheka.

Bwana Hanratty naye akacheka. "Usione haya, Gaspare. Ni mkono uleule unaoufungulia mlango wa gari kila siku."

"Ndiyo maana," akasema Gaspare. Akaweka mikono yake nyuma.

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Mwanamume wa Sicilia, nyumbani kwake, mbele ya meza ya nadhiri, anaukataa mkono wa Mtakatifu Yosefu! Hapo nikapasuka. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote: "Kwa mjane Aldine unakwenda kila Jumatano kubusu usichoruhusiwa, mkono wa Mtakatifu ndio unaokushinda?"

Hakuna aliyetafuna. Bwana Hanratty akaushusha mkono polepole.

"Kwa mjane Aldine," akasema, taratibu, kama anayeitikia kwenye Misa. "Na leo ni Jumatano. Tumekuharibia ratiba."

Akaketi, akala. Alikula kila kitu, Ninfa, akasifu tambi. Gaspare akatoka mlango wa nyuma. Aliporudi wageni wameondoka, akaniambia, "Rosalia, umefanya nini?" Hakuwa na hasira. Nikamwambia, "Mimi? Mimi ndiye nimefanya?" Leo ameenda kazini, na jioni hii bado hajarudi.

Sasa wewe niambie: kwa nini ulinikataza wakubwa wa studio?

Rosalia


Los Angeles, 22 Machi 1952

Ameondoka. Pamoja naye.

Pasquale amewaona stesheni juzi jioni. Anasema Vera alivaa miwani myeusi na Gaspare alimbebea sanduku. Mimi masanduku yangu nimeyabeba mwenyewe tangu mwaka tuliooana. Hakuniachia neno, ameniachia sufuria la kahawa limeoshwa. Sijalala. Nimekaa kitandani upande wake, nikaona hata shimo la mwili wake kwenye godoro linanicheka.

Mwanao anapigana na wakomunisti Korea, na mume wangu anabebea mizigo mjane wa mkomunisti. Niliapishiwa kaburi la mama kwamba si mapenzi. Ninfa, ni nini basi?

Kesho baada ya Misa nitamwomba Bwana Hanratty. Ana watu wanaojua kutafuta watu. Anirudishie wote wawili nimtemee mate mmoja, na wa pili sijui nitamfanya nini.

Rosalia


Telegramu kwa Padre Cosimo, Kanisa la Santa Lucia, Los Angeles
23 Machi 1952

MWAMBIE DADA ANYAMAZE KUHUSU MUMEWE MPAKA BARUA YANGU IFIKE. ASIMWAMBIE HATA MPITISHA KIKAPU. NINFA.


New Orleans, 23 Machi 1952
kwa mkono wa Padre Cosimo

Dada yangu,

Sina hakika kama unanisoma ukiwa unanipenda, lakini soma mpaka mwisho.

Gaspare yuko hapa. Wako hapa wote wawili. Walifika jana jioni, Vera akalala bila kuvua viatu, Gaspare akakaa jikoni kwangu, kofia magotini, akaniambia, "Nimekufungua kiapo. Mwandikie Rosalia yote. Mimi nikiandika atatafuta mwanamke katikati ya mistari." Basi naandika mimi.

Bwana Hanratty wako alikuwa akifanya biashara ya majina. Walioogopa kutajwa kwenye Kamati walimlipa kimyakimya awaondoe. Waliokataa, majina yao yalifika yanakotakiwa, na kesho yake hawana kazi. Aldine alikataa, kisha akasema kwamba siku akiitwa mbele ya Kamati hatataja mkomunisti yeyote, atamtaja Hanratty.

Siku ile Gaspare aliambiwa ampeleke Hanratty kwa Aldine mchana. Vera hakuwepo. Akaambiwa asubiri chini ya kilima. Hanratty alishuka kwa miguu, anajifuta mikono kwa leso, akasema, "Maskini, Aldine ana huzuni sana leo." Gaspare akamfungulia mlango wa gari, akamrudisha studio. Lakini moyo ulikataa. Akarudi peke yake, akasikia injini ndani ya gereji imefungwa. Akavunja dirisha kwa mkono. Alikuwa amechelewa, dada. Mtu amelala kwenye kiti, kisogo kimepasuka, na magazeti yalikuja kusema aliinamia usukani akalala. Gaspare akakimbia. Mume wako ana hofu kama watu wengine.

Alimwendea mjane ili amwambie. Jumatano ya kwanza akashindwa, akamrekebishia bomba la jikoni, akarudi nyumbani. Jumatano ya pili vilevile. Aliposema hatimaye, mama yule alimtazama mkono kabla hajamaliza, kwa sababu damu kwenye kioo kilichovunjika alikuwa ameiona na hakuna polisi aliyemuuliza habari yake. Tangu hapo walitafuta wakili wa Los Angeles atakayewasikiliza. Mawakili wote wanaogopa kutajwa. Ndipo akanipigia simu, akijua kwamba Anselmo Tusa, ndugu wa marehemu mume wangu, ni wakili, na hana wateja wa kupoteza.

Kwa nini hakukuambia wewe? Nilimuuliza. Alisema, "Rosalia hupanda gari la Hanratty kila Jumapili. Akijua, uso wake utasema kabla ya mdomo. Hanratty atamuua na yeye." Hivyo alikuacha umwonee wivu. Aliona wivu hauui.

Usiku wa leo yuko salama. Kesho itategemea wewe umemwambia nini mtu yule.

Ninfa


Los Angeles, 6 Aprili 1952

Ninfa,

Tumsifu Yesu Kristo, mara hii kwa moyo wote. Agata hajambo, mtoto anapiga teke. Barua hii anaipeleka posta Padre Cosimo mwenyewe, ndani ya mkoba wa mafuta ya wagonjwa.

Jumapili ile nilikuwa nimeshashuka ngazi za kanisa. Bwana Hanratty amesimama kando ya gari, ameshafungua mlango, na mimi nimeshafungua mdomo. Padre Cosimo akanikamata mkono wa gauni mbele ya watu, akaniambia eti nimeacha rozari sakristia. Rozari nilikuwa nimeishika mkononi! Ndivyo Gaspare, aliyekaribia kuwa mume wako na akawa wangu, alivyopona: kwa padre asiyejua kudanganya.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa. Najua sasa nilivyomuuza Gaspare kwa sentensi moja, kwenye meza ya nadhiri. Hilo nitalibeba. Lakini sikiliza nililofanya baadaye.

Alhamisi alikuja nyumbani, kofia mkononi, na watu wawili nyuma yake.

"Tumesikia Gaspare amesafiri, mama."

"Amesafiri?" nikasema. "Mahujaji ndio wanaosafiri! Yule amekimbia na malaya wake!" Nikafungua kabati. Nikarusha dirishani mashati yake, mikanda, brashi ya ndevu, viatu. Kiatu kimoja kilimpata Bwana Hanratty begani. Mke wa Pasquale akatoka barazani na kiti, akaketi kutazama.

"Wamekwenda wapi?"

"Meksiko! Kwa binamu yake muuza farasi! Ukiwapata huko, huyo mwanamke mkate nywele uniletee, nitengenezee brashi ya kusugulia choo!"

Mmoja wa wale watu akacheka. Hanratty akanitazama usoni, akatazama sana, na kwa mara ya kwanza maishani uso wangu ulisema nilichotaka. Akaniokotea shati moja, akanipa. "Pole, mama. Wanaume wa namna hiyo hurudi."

"Asirudi!"

Unajua kwa nini aliamini? Sikuigiza. Waigizaji wetu wanahitaji kitunguu. Mimi nilihitaji kukumbuka tu kwamba analala chini ya paa lako. Uongo wa Meksiko nimeuungama, na Padre amenipa Salamu Maria moja, nyepesi.

Sasa masharti. Vera alale chumbani kwako, na wewe ulale upande wa mlango. Gaspare juu, chumba cha paa linalovuja. Tambi za dagaa usimpikie. Hizo ni zangu. Vifungo vya shati vikikatika usishone. Na jioni usikae naye barazani, hata kukiwa na joto la kuua. Kama lazima mkae, ongeleeni marehemu.

Mlinde, Ninfa. Mlinde, lakini usimfurahie.

Rosalia


Los Angeles, 17 Agosti 1952

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mjukuu anakua, macho ya Agata, kelele za babu yangu. Kazi bado sijapata. Uliambiwa jina la Gaspare lilivyowekwa kwenye orodha yao ya wakomunisti mara tu alipotoroka, yeye asiyejua hata herufi ya mambo hayo, nami nikafukuzwa siku hiyohiyo, cherehani yangu akapewa mwingine kabla haijapoa. Nashona nyumbani magauni ya Komunyo ya Kwanza. Si haba.

Lakini habari ndiyo hii. Wamemkamata Hanratty! Kiapo alichoandika Gaspare kwa Bwana Tusa kilimfikia hakimu mmoja asiye na woga. Wakaifukua maiti ya Aldine, wakakiona kisogo. Baada ya hapo waliokuwa wakilipa wakaanza kusema, mmoja, kisha wawili, kisha foleni. Walimchukua Jumatatu getini mwa studio. Studio inasema hata haikumjua vizuri. Leo kanisani kikapu amepitisha Pasquale.

Kesi ni Septemba. Gaspare lazima aje kusimama ushahidini, na Vera pia. Bwana Tusa ameniandikia treni yao itafika Jumanne ya pili ya mwezi. Nitakuwa stesheni.

Ninfa, njoo nawe.

Sikuandikii kwa hasira. Umemhifadhi mume wangu miezi mitano na sina zawadi ya kukutosha. Lakini nitamwona akishuka, nami nitamlisha, nitamfulia, na kila atakaponyamaza nitasikia ule ukimya wa nyumbani kwa baba. Sitaki kuzeeka nao. Njoo usimame karibu nami pale stesheni, mchana, watu wote wakiona, nijue anamtazama nani kwanza. Hata akikutazama wewe, nitakuwa nimejua. Nitampikia vilevile.

Dada yako anayekupenda, kwa shida lakini kweli,
Rosalia


New Orleans, 26 Agosti 1952

Dada yangu Rosalia,

Milele, amina. Saverio amepewa ruhusa, anarudi na vidole vyake vyote isipokuwa kimoja. Joto la huku limeua kuku wawili. Nimeyatimiza masharti yako yote. Hata barazani tumekaa mara chache, na tumewaongelea marehemu mpaka tukawamaliza.

Jana nilimsomea Gaspare ile sehemu tu inayosema utakuwa stesheni. Hakusema kitu, unamjua. Alipanda juu. Leo tangu asubuhi yuko mbele ya kioo changu na tai, ya bluu, ya kahawia, tena ya bluu, ananiuliza ipi uliwahi kuisifu. Vera anamcheka. Treni ni wiki mbili zijazo.

Miezi mitano amekaa katika nyumba hii, dada. Asubuhi zote alishuka ngazi shati wazi, nywele kama kiota, akaketi mbele yangu akanywa kahawa. Sikumwona na tai hata siku moja.

Kwa hiyo mimi sitakuja.

Ninfa